Nani Atafunga Kwanza? Kutafuta Hitilafu Katika Utabiri wa Bao la Kwanza la Hoki ya Barafuni

Utabiri wa bao la kwanza ukikosea, watu wengi hukimbilia kubadilisha jina. Jana walimchagua senta (mshambuliaji wa kati) wa safu ya kwanza, leo wanamchagua winga wake, kesho beki mwenye shuti kali. Hakuna kinachopona hapo, kwa sababu chanzo hakijatafutwa. Mara nyingine utabiri haukuwa na kasoro yoyote, ila matokeo yameangukia upande ule mkubwa ambao utabiri wenyewe uliutaja. Mara nyingine kasoro ipo kweli, lakini imekaa mbali na jina la mchezaji, ndani ya namba zilizotumika kumchagua.

Hapa tunaanza na dalili unayoiona, kisha tunashuka hadi kwenye chanzo chake. Mifano mingi ni ya NHL, ligi ya Marekani na Kanada yenye timu 32, kwa sababu takwimu zake ziko wazi kwa yeyote anayezitaka. Kuna jambo moja litakalojirudia, na naomba ulishike tangu sasa: bao la kwanza huingia matokeo yakiwa 0-0, wala halina wakati mwingine wa kuingia. Kila namba iliyotoka katika dakika ambazo timu moja ilikuwa tayari inaongoza inapaswa kuulizwa imekuja kufanya nini katika hesabu yako.

Kwanza, ijue hali ya kawaida

Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui kikiwa kizima kinafananaje. Mechi ya NHL ina vipindi 3 vya dakika 20, na katika misimu ya karibuni wastani umekuwa mabao 6 na ushei kwa mechi, timu zote mbili kwa pamoja. Tuchukue 6 ili hesabu iwe nyepesi. Hilo ni bao moja kwa kila dakika 10. Kwa kasi hiyo, uwezekano wa dakika 10 za mwanzo kupita bila bao ni asilimia 37 hivi, na uwezekano wa dakika zote 60 kupita bila bao ni robo ya asilimia moja, yaani mechi moja katika kila 400.

Swali la timu gani itafunga kwanza hujibiwa kwa kugawanya: mabao unayoitarajia timu hiyo, gawanya kwa mabao yote yanayotarajiwa katika mechi. Timu ya mabao 3.2 ikikutana na ya 2.8, ya kwanza ina asilimia 53. Swali la mchezaji gani hujibiwa vivyo hivyo: mchezaji wa bao 0.5 kwa mechi, katika mechi ya mabao 6, ana asilimia 8 na kidogo. Njia hii ni rahisi, na mimi naiamini kuliko mifumo mingi yenye fahari zaidi. Usipoielewa, modeli kubwa itakuficha makosa badala ya kukuonyesha.

Dalili: "Namchagua mfungaji bora wa ligi, na bado ananiangusha karibu kila mechi"

Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Mwaka 1981-82 Wayne Gretzky alifunga mabao 92 katika mechi 80, rekodi ambayo bado haijavunjwa. Timu yake, Edmonton Oilers, ilifunga 417 na kufungwa 295 msimu huo. Jumla ni 712. Gawanya 92 kwa 712 upate asilimia 13. Maana yake ni kwamba mtu aliyekaa na msimu mkuu kuliko yote katika historia ya ufungaji angetarajiwa kufunga bao la kwanza katika mechi moja kati ya nane. Mara saba nyingine angekuangusha.

Sasa ruka miaka arobaini. Mwaka 2023-24 Auston Matthews wa Toronto Maple Leafs alifunga 69 katika mechi 81, na mechi za timu yake zilikuwa zikikaribia mabao 7 kwa wastani. Ukigawanya, unarudi palepale: moja kati ya nane. Gretzky alifunga mengi zaidi, lakini katika enzi ambayo kila mtu alifunga mengi zaidi, kwa hiyo sehemu yake ya keki ilikuwa karibu ileile.

Kwa hiyo, kama unampa mfungaji bora asilimia 10 au 12 naye anapatia mara moja katika mechi nane au tisa, usiguse kitu. Ukiona mtu yeyote anampa mchezaji mmoja asilimia 20 ya kufunga kwanza katika mechi ya kawaida, jua kwamba hesabu yake ina tundu mahali fulani, na matundu ya kawaida ndiyo yanayofuata.

Dalili: "Uwezekano wa wachezaji wote ukijumlishwa unapita 100"

Kila timu huvalisha wachezaji 18 wa uwanjani, washambuliaji 12 na mabeki 6 kwa kawaida, pamoja na makipa 2. Hao 36, ukiongeza kale kasehemu kadogo ka mechi kuisha bila bao, lazima wajumlishwe kuwa 100 kamili. Wakizidi, angalia mambo mawili.

La kwanza ni kuchanganya maswali. Mchezaji wa bao 0.5 kwa mechi ana asilimia 39 ya kufunga bao angalau moja wakati wowote, lakini ana asilimia 8 tu ya kufunga lile la kwanza. Watu huchukua namba ya kwanza, wakaipunguza kwa kukisia, wakaiita namba ya pili. Usikisie. Rudi kwenye kugawanya.

La pili ni kunakili odi za kampuni za kubashiri kana kwamba ni uwezekano halisi. Odi ya 11.00 ukiigeuza inatoa asilimia 9.1. Lakini ukigeuza odi za wachezaji wote na kuzijumlisha, utapata zaidi ya 100, na katika soko la mfungaji wa kwanza ziada hiyo huwa nene kuliko katika soko la mshindi wa mechi. Ziada hiyo ndiyo faida ya kampuni. Tuseme jumla ni 130. Basi ile 9.1 gawanya kwa 1.3, inabaki 7. Na hata hapo bado hujafika, maana ziada haigawanywi sawasawa: majina ya mwisho kwenye orodha, yale ya odi ndefu, mara nyingi hubebeshwa sehemu kubwa zaidi. Mtu asiyefanya hesabu hii ataona bei nzuri mahali pasipo na bei nzuri, na pesa zitatoka mfukoni mwake polepole bila yeye kujua mlango zinakopitia.

Dalili: "Jumla iko sawa, lakini wachezaji fulani hawafikii kamwe nilichowapa"

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapomwomba msomaji asikimbie. Kosa hili halionekani kwa macho. Jumla inafika 100, wastani unapendeza, majina yana mantiki, ila ukikagua baada ya misimu kadhaa unakuta kundi moja la wachezaji limepewa kingi na jingine kichache. Chanzo karibu kila mara ni mabao yaliyofungwa nje ya 0-0.

Anza na lango tupu. Timu inayofungwa humtoa kipa dakika za mwisho ili iongeze mshambuliaji, na mpinzani akinyang'anya kisahani, kile kinachochezewa badala ya mpira, anakisukuma hadi kwenye lango lisilo na mtu. Bao hilo linaandikwa kwenye rekodi ya mfungaji sawa na mengine yote. Lakini kipa hutolewa kwa sababu timu iko nyuma, na timu haiwezi kuwa nyuma kabla ya bao la kwanza. Basi mabao ya lango tupu hayana chochote cha kukuambia kuhusu nani atafunga kwanza. Mchukue mchezaji wa mabao 20 katika mechi 82, matano kati yake ya lango tupu. Umemhesabia 0.24 kwa mechi. Anayostahili katika swali lako ni 0.18. Umemwongezea theluthi nzima ya thamani yake. Wanaobebwa hivi ni wale makocha wanaowaamini kulinda uongozi: masenta wanaoshinda kisahani kinapodondoshwa kuanzisha mchezo, mawinga wanaojitolea kuzuia mashuti. Hata wafungaji wakubwa wamo. Alexander Ovechkin, aliyeivunja rekodi ya Gretzky ya mabao 894 tarehe 6 Aprili 2025, ndiye pia anayeongoza kwa mabao ya lango tupu katika historia ya NHL.

Kwa kawaida kuna njia moja tu nyembamba ambayo lango huwa tupu matokeo yakiwa 0-0. Mwamuzi akinyoosha mkono kuashiria faulo, timu iliyochezewa vibaya humtoa kipa wake papo hapo na kuingiza mshambuliaji wa sita, kwa kuwa mpinzani akigusa tu na kukimiliki kisahani mchezo unasimama. Hatari pekee ni kujifunga wenyewe. Ndivyo ilivyotokea tarehe 28 Novemba 1979: mchezaji wa Colorado Rockies alipiga pasi iliyopitiliza hadi kwenye lango lake tupu, na bao akaandikiwa kipa wa New York Islanders, Billy Smith, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho wa upande wake kugusa kisahani. Akawa kipa wa kwanza wa NHL kuandikiwa bao. Ni kisa ninachokipenda, lakini usitenge asilimia kwa ajili yake.

Toa pia mabao ya muda wa nyongeza. Tangu msimu wa 2015-16, dakika 5 za nyongeza za msimu wa kawaida huchezwa watatu kwa watatu. Barafu inafunguka, wepesi wa miguu wanang'ara, na mchezaji anaweza kujikusanyia mabao manne au matano kwa msimu katika mazingira ambayo karibu hayapo kabisa kwenye swali lako. Ili bao la kwanza liingie hapo, dakika 60 nzima lazima zipite 0-0.

Kisha kuna kitu kilicho kigumu zaidi kukiona: mwenendo wa timu hubadilika kufuatana na matokeo. Timu inayoongoza hurudi nyuma, inatupa kisahani mbali, inakubali kupigiwa mashuti ya pembeni. Inayofungwa inasukuma mbele na kupiga kila inapoweza. Hivyo timu dhaifu inayotumia jioni nyingi ikiwa nyuma inaweza kuonekana kwenye jedwali kama timu yenye ushambuliaji hai, na timu bora ikaonekana inashambuliwa mno. Ukiingiza mashuti ya mechi nzima kwenye hesabu ya bao la kwanza, umeipa timu dhaifu sifa ya kazi iliyofanya wakati mpinzani ameshatosheka.

Tiba ni kuchuja takwimu kwa hali ya matokeo, ubaki na dakika ambazo timu zilikuwa sare. Tovuti za uchambuzi wa hoki huruhusu kichujio hicho. Ukipata mabao tarajiwa, yaani thamani ya kila shuti kwa umbali, pembe na aina yake, ni bora zaidi kuliko kuhesabu mashuti tu. Ila kichujio kina gharama: data inapungua sana, na data chache huyumba. Nisingetumia dakika za sare peke yake kabla ya robo ya msimu kupita. Ninachokiona kinafaa ni kuchanganya: takwimu za mechi nzima bila lango tupu na bila muda wa nyongeza ziwe msingi, na za dakika za sare ziongezewe uzito kadiri msimu unavyosonga.

Msomaji makini atauliza kuhusu kipindi cha kwanza. Ni kweli kwamba kipindi cha kwanza kwa kawaida huwa na mabao machache kuliko vingine. Katika kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, benchi inakuwa mbali na eneo la kujilinda, na mabeki waliochoka wanashindwa kufika kubadilishwa. Katika cha tatu kuna hayo malango matupu. Kwa hiyo kama unatabiri dakika ya bao la kwanza kwa kasi ile ya bao moja kila dakika 10, utatabiri mapema kidogo kuliko ukweli. Lakini kwa swali la nani, athari ni ndogo, kwa sababu kasi inapungua kwa wote na sehemu ya kila mmoja inabaki karibu palepale.

Dalili: "Timu yangu ni bora waziwazi, inashinda mechi, lakini haifungi kwanza nilivyotarajia"

Umetumia uwezekano wa kushinda mahali pa uwezekano wa kufunga kwanza. Timu ya mabao 3.4 dhidi ya 2.7 itashinda karibu mara 61 katika 100, lakini itafunga kwanza mara 56 tu. Ubora unahitaji muda ili ujitokeze. Dakika 60 zinaupa nafasi nyingi. Bao moja linaupa nafasi moja.

Kinyume chake nacho kinapotosha. Inasemwa, na ni kweli, kwamba timu inayofunga kwanza katika NHL hushinda takriban theluthi mbili ya mechi. Wengine hugeuza maneno hayo na kudhani kwamba timu itakayoshinda ina theluthi mbili za kufunga kwanza, kisha wanajaza tu jina la wanayeamini atashinda. Lakini mshindi hajulikani kabla ya mechi. Unachokijua ni uwezekano wake, ule wa 61, na hauwezi kuongezeka kwa kupitia mlango wa nyuma.

Uwanja wa nyumbani una faida, ila ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chanzo kimoja kiko ndani ya kanuni: mchezo ukisimama, timu ngeni huwa ya kwanza kubadilisha wachezaji, na kocha wa nyumbani huona nani wako barafuni kabla ya kuamua amtume nani. Hata orodha ya wanaoanza mechi huwasilishwa kwanza na wageni. Kocha mzuri wa nyumbani atatumia nafasi hiyo kuwakwepesha washambuliaji wake wakuu na mabeki wakuu wa mpinzani. Ongeza asilimia moja au mbili kwa wenyeji kisha songa mbele.

Dalili: "Asubuhi namba zilikuwa nzuri, jioni zimekuwa takataka"

Kipa amebadilika. Katika hoki ya barafuni hakuna mchezaji mmoja anayehamisha hesabu kama yeye. Timu hupiga takriban mashuti 30 kwa mechi. Kipa anayeokoa 915 katika kila 1000 atafungwa 2.55 kwa mashuti hayo. Anayeokoa 890 atafungwa 3.3. Kama timu yake inatarajiwa kufunga 3, basi akiwa langoni wa kwanza mpinzani ana asilimia 46 ya kufunga kwanza, na akiwa langoni wa pili anapanda hadi 52. Mechi nzima imegeuka upande bila mshambuliaji hata mmoja kubadilishwa.

Angalia ratiba kwanza. Timu ikicheza siku mbili mfululizo, kipa wa akiba mara nyingi hupewa moja ya mechi hizo. Halafu tafuta habari za mazoezi ya asubuhi ya siku ya mechi: kwa desturi, kipa anayetoka kwanza barafuni ndiye atakayeanza jioni. Wanahabari wanaofuata timu huripoti hilo saa nyingi kabla ya mechi. Hata hivyo usizichukue takwimu za kipa zilivyo. Mwezi Novemba utaona kipa wa 940 na mwingine wa 870. Wote wawili wanarudi kuelekea wastani wa ligi, ambao siku hizi uko karibu na 900. Wasogeze katikati kabla ya kuwatumia, na uwasogeze zaidi kadiri walivyocheza mechi chache.

Baada ya kipa, kagua nani yuko katika kikosi cha kwanza cha muda wa mtu zaidi, yaani zile dakika 2 ambazo mpinzani mmoja amekaa kwenye benchi la adhabu. Karibu bao moja kati ya matano ya ligi huingia katika hali hiyo, na kikosi cha kwanza hula sehemu kubwa ya muda wake. Winga aliyepandishwa humo kwa sababu mwenzake ameumia ni mchezaji mpya kabisa kwa hesabu yako, ingawa jina na namba ya jezi ni zilezile. Vivyo hivyo aliyeshushwa safu ya tatu. Dakika anazocheza na watu anaocheza nao huwa na uzito kuliko alichofunga wiki iliyopita.

Kitu ambacho watu hukipa uzito usiostahili ni watano wanaoanza mechi. Zamu ya kwanza, yaani muda wanaokaa barafuni kabla ya kubadilishwa, ni ya sekunde 45 hivi, na kwa kasi yetu uwezekano wa bao kuingia ndani yake haufiki hata asilimia 8. Ndiyo, Doug Smail mwaka 1981, Bryan Trottier 1984 na Alexander Mogilny 1991 walifunga sekunde ya 5 ya mechi, na rekodi hiyo wanaishiriki. Lakini baadhi ya makocha huanza na safu ya nne ili kuchangamsha mechi, na sekunde 45 baadaye mambo yamerudi kwenye mpangilio wake.

Dalili: "Kuna mchezaji ana kipaji cha bao la kwanza"

Mchezaji wa mabao 30 kwa msimu, kwa hesabu yetu, anatarajiwa kufunga mabao ya kwanza 5 hivi. Ukimwona ana 9, moyo unataka kuamini kwamba anaamka mapema kuliko wenzake. Lakini kwa bahati tupu, mchezaji wa aina hiyo hufikia 9 au zaidi katika misimu 6 kati ya 100. Ligi ikiwa na wachezaji 40 wa kiwango chake, wawili au watatu watakuwa na 9 kila msimu bila kipaji chochote cha ziada. Nao ndio watakaotajwa kwenye matangazo.

Kwa timu ni vilevile. Timu iliyofunga kwanza mara 48 katika mechi 82 inaonekana ya kutisha, asilimia 58 na nusu. Ila kwa timu ya kawaida kabisa ya 50 kwa 50, mayumbo ya msimu mmoja ni asilimia 5 na nusu kila upande, na 48 haiko mbali na hapo. Ili uthibitishe kwa takwimu za bao la kwanza peke yake kwamba timu ni ya 53 na si ya 50, ungehitaji mechi zaidi ya 1,000. Hakuna timu inayobaki ileile kwa muda huo wote. Ndiyo maana safu ya "amefunga kwanza mara ngapi" naiondoa kabisa kwenye jedwali na kuweka mabao tarajiwa, dakika na mashuti.

Dalili: "Modeli inasema inapatia asilimia 95"

Ukiiuliza kuhusu kila mchezaji "atafunga kwanza au la", nayo ikajibu "la" kwa wote 36, itakuwa imepatia 35 kati ya 36. Usahihi wa namna hiyo haukuambii kitu. Pima kwa makundi: chukua mara zote ulizotoa uwezekano wa kati ya 5 na 8, hesabu zilizotokea. Zikiwa 6 au 7 kwa 100, kundi hilo ni zima. Fanya hivyo kwa kila kundi, kwa data ya msimu mzima au zaidi.

Ikiwa hata kwa kipimo hicho modeli inashangaza kwa ubora, shuku uvujaji wa data. Chanzo cha kawaida ni kutumia wastani wa msimu mzima kutabiri mechi ya mwezi wa pili wa msimu huohuo. Wastani huo tayari una bao unalojaribu kulitabiri ndani yake. Kila safu ya jedwali lazima iwe na kilichojulikana kabla ya kisahani kudondoshwa katikati ya uwanja.

Dalili: "Kwa NHL inafanya kazi, kwa ligi ya Ulaya inaharibika"

Umehama na ile namba 6. Ligi yenye mabao 5 kwa mechi huchelewesha bao la kwanza hadi dakika ya 12 kwa wastani, na mechi moja kati ya 150 humaliza dakika 60 bila bao. Viwanja navyo si vilevile: barafu ya NHL ina upana wa futi 85, takriban mita 26, na viwanja vingi vya Ulaya ni vipana zaidi, baadhi hadi mita 30. Mashuti ya pembeni yanakuwa ya mbali zaidi, na thamani ya mabao tarajiwa iliyopimwa Amerika Kaskazini haihami nayo bila kurekebishwa. Anza upya na wastani wa ligi husika.

Dalili: "Nimemwona akifunga kwa macho yangu, rekodi inamtaja mwingine"

Shuti la beki kutoka mbali likigusa gongo la mwenzake mbele ya lango, bao ni la aliyegusa mwisho, hata kama mguso wenyewe ulikuwa wa unywele. Waamuzi wa takwimu huangalia marudio na hubadilisha jina, wakati mwingine katikati ya mechi, wakati mwingine baada yake. Aidha, tangu 2015-16 kocha anaweza kupinga bao kwa madai ya kuotea au kipa kuingiliwa. Bao likifutwa, matokeo yanarudi 0-0 na bao la kwanza bado halijaingia. Na mechi iliyokwenda 0-0 hadi mikwaju ya penalti haina mfungaji wa kwanza: mshindi anaongezewa bao moja kwenye matokeo, lakini hakuna mchezaji anayeandikiwa.

Kwa hiyo usijaze jedwali usiku uleule. Chukua rekodi rasmi siku inayofuata, linganisha jina la mfungaji na ulilokuwa umeliandika, na zikipingana, fuata ile rasmi hata kama marudio ya video yanakuambia vingine.